Msinipishe Kiti

Juzi mmoja wenu alinipigia simu. Binti mwenye sauti nzuri, adabu tele, Kiswahili kikimkwama anachomeka Kiingereza na kusonga mbele. Akaniambia, "Bibi Dorkasi, Jumamosi tuna mafunzo hapa Small Heath, ya uongozi wa kupinga ubaguzi kwenye vikundi vidogo vya jamii. Tunakuomba uje utueleze mlivyofanya enzi zenu. Tutakuwekea kiti cha mbele kabisa. Utakuwa mgeni wetu rasmi."

Nikamwambia asante mwanangu, nikaweka simu chini, nikakaa jikoni mpaka chai ikapoa. Mgeni rasmi! Katika maneno yote ya Kiswahili, akaokota hayo. Hakukosea, maskini, kalelewa vizuri. Lakini nimeona heri niwaandikie kabla sijaja, kwa sababu nikianza kuyasema haya mbele ya watu nitalia, na kulia hadharani mimi sipendi.

Nilikuja Birmingham kutoka Mombasa mwishoni mwa miaka ya sitini, kusomea unesi. Mgongo ukanishinda mapema, maana kuinua wagonjwa si mchezo, nikaacha wodi nikaajiriwa na kinyumba kimoja cha jamii kule Newtown. Tangu hapo kazi yangu ikawa hiyo hiyo mpaka nilipostaafu: kuzunguka kwenye vikundi vidogo, vya kinamama, vya makanisa, vya wapangaji, kuwasaidia Waafrika na Wahindi washike kamati zao wenyewe, na kuwasaidia Wazungu wa kamati wajifunze kunyamaza kidogo. Siku hizi mnaiita kujenga uwezo. Sisi tulisema tu, leo naenda kukaa na watu fulani.

Kinyumba cha Newtown kilianzishwa na Perpetua. Huyu alikuwa nesi wa shifti ya usiku, Mkamba kutoka Machakos, mfupi, na mdomo wake, ala! haukumwogopa mtu. Mumewe alikuwa amerudi Kenya kutafuta kazi serikalini, akanyamaza kimya, akamwacha na binti mchanga aitwaye Wanza. Sasa nesi wa usiku mwenye mtoto na asiye na ndugu mjini atafanyaje? Wakati ule jibu lilikuwa moja na Waafrika wengi walilifuata. Unampeleka mtoto kwa walezi wa Kizungu, mbali huko vijijini au pwani, unawalipa, unaenda kumwona ukipata nafasi. Watoto wale walirudi wakubwa, hawajui chakula chetu, wanaogopa kuguswa na mama zao. Wengine hawakurudi kabisa. Perpetua alikuwa ameyaona ya wenzake akaapa, "Wanza haendi popote. Hata ikibidi nilale nimesimama."

Ndipo manesi wakaanza kulea kwa zamu sebuleni kwake, karibu na Coventry Road. Wanaofanya kazi mchana wanalala na watoto wa wanaokesha, na wanaokesha wanashinda na watoto wa wenzao wa mchana, wakisinzia. Mwenye nyumba akalalamikia kelele, akatukataza. Kanisa moja likatuazima bucha kuukuu la Newtown, kwenye mtaa uliokuwa ukingoja kuvunjwa ili maghorofa yajengwe. Kuta zilikuwa na vigae vyeupe, na kulabu za kutundikia nyama zilikuwa bado ukutani. Tukatundikia makoti ya watoto.

Aliyetengeneza bucha lile likakalika ni Bwana Kirpal, Singasinga, seremala kutoka Kisumu. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana. Siku ya kwanza aliutazama mlango akasikitika kweli kweli. "Mama, hii mlango nani alifunga? Huyu mtu ni adui ya mbao." Tukampenda papo hapo.

Basi nyumba ikawa tayari kufunguliwa. Na nyinyi mnatujua sisi, hatuwezi kufungua hata choo bila mgeni rasmi. Tukaketi tukawaza, nani mtu mkubwa tunayemjua? Hakuna aliyesema Perpetua. Hata Perpetua hakusema Perpetua. Tukamkumbuka Bwana Hubert, Mzungu wa kanisa lile, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa mvi na mkongojo. Bwana Kirpal akaokota mbao za ngazi kwenye nyumba zilizobomolewa akaunda kiti kizuri chenye mikono, cha kumkalisha mgeni. Bwana Hubert akakata utepe, akatoa machozi kidogo, akala chapati.

Wiki iliyofuata alikuja kutujulia hali. Mzee kaja kwako, utamweka wapi? Tukampa kiti kile. Wiki ya pili vile vile. Ya tatu, kwa wema wake, akatuuliza, "Haya, tuna jambo gani la kuzungumza leo?" Hakuna aliyempigia kura. Kufikia Krismasi halmashauri ya jiji ilikuwa inamwandikia yeye kama mwenyekiti wetu, na sisi tulikuwa tunamwongezea sukari.

Msimwone mbaya. Mwanasiasa mmoja alikuwa amesimama hapa hapa mjini akasema maneno ya chuki juu yetu weusi, na baada ya hapo watu walitutemea mate kituo cha basi mchana kweupe. Bwana Hubert alikuwa anakuja na mkongojo wake kuwasindikiza manesi mpaka basi lifike. Ndiyo maana nawaambia, mtu anayekutemea mate hakupi taabu ya kufikiri, unajua pa kumweka. Aliyekusindikiza kwenye basi, halafu amekalia kiti chako bila kujua, huyo utamwambiaje? Mafunzo ya siku hizi yana picha nzuri ukutani lakini sijaona picha ya huyo.

Na wala msidhani ubaguzi ulikuwa wa Wazungu peke yao. Tazameni tulivyokaa. Mbele Bwana Hubert. Kuume kwake Bwana Kirpal, mweka hazina, kwa kuwa kila mtu alichukulia kwamba Mhindi ndiye ajuaye hesabu. Kirpal wa watu hesabu alikuwa haziwezi hata kidogo! Halafu sisi Waafrika, wenye nyumba na wenye watoto, nyuma karibu na mlango wa jikoni, tayari kuinuka kuongeza chai. Hakuna aliyepanga. Kenya ya mkoloni tuliibeba nzima nzima tukaipanga upya ndani ya bucha la Newtown.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo kati yetu, Mama Keziah, Mluhya, nesi wa siku nyingi, miguu imemvimba kwa kusimama wodini. Tulimheshimu wote kama mama mzazi. Yeye ndiye aliyekuwa akimimina chai. Wanaume aliwapa vikombe vya udongo, yeye akanywa kwa kikombe cha bati kilichobambuka rangi. Siku moja Bwana Kirpal akamtazama mpaka akaacha kunywa.

"Mama Keziah, kwa nini wewe nakunywa kwa hiyo?"

"Nimezoea tu, bwana."

Baadaye Bwana Kirpal akaniambia mimi pembeni kwamba kwao Kisumu kilikuwepo kikombe kama kile, cha mpishi, kikikaa nje dirishani, na mtoto wa nyumba akikigusa anapigwa. Wiki iliyofuata aliingia moja kwa moja jikoni akakinyakua kikombe cha bati kabla ya Mama Keziah. Kilimchoma midomo, akakimaliza. Toka siku hiyo wakawa wanakigombania wawili hao kwa mzaha, kila mtu anawahi kufika ili akipate. Tulicheka sana, lakini viti vilibaki vilivyokuwa.

Nikiruka mbele kidogo, kuna kikundi kimoja nilichokwenda kukaa nacho Acocks Green, miaka mingine kabisa. Kamati ya watu weupe watupu na dada mmoja mweusi. Kwa nia njema wakaunda kamati ndogo ya kupinga ubaguzi, wakamteua dada yule, peke yake. Kila mwezi mwenyekiti anamgeukia, "Haya, kwa upande wako mambo yakoje?" Naye anajibu, "Bado nimo peke yangu." Wanaandika, wanaendelea na mambo ya mnada wa keki. Niliwaambia wavunje hiyo kamati ndogo na wampe dada mnada wa keki na kila kitu kingine, awe mwenyekiti. Walinishukuru sana. Sikuitwa tena.

Turudi Newtown. Habari zikaja kwamba tingatinga liko karibu kufika mtaani kwetu, ila jiji liko tayari kutupa ukumbi mpya chini ya ghorofa. Furaha! Kisha tukasikia kwamba ofisa anayehusika hapendi watoto kulala pale. Mchana sawa, usiku hapana, watoto walale kwao vitandani. Tukamweleza Bwana Hubert. Akatikisa kichwa taratibu akasema kusema kweli hata yeye aliona mtoto ni bora alale kitandani kwake.

"Na mama yake akiwa wodini anageuza wagonjwa?" Perpetua akamuuliza.

"Pole sana, mwanangu," akasema mzee, na alikuwa anamhurumia kweli.

Hapo mambo yakawa wazi. Usiku ukifutwa, Wanza anakwenda kwa walezi. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa mama wa Kizungu asiyeruhusu hata paka, sikuweza kumchukua. Ofisa alikuwa anakuja kuzungumza na mwenyekiti. Kwa hiyo mwenyekiti ilibidi awe Perpetua, na awe kabla ya siku hiyo.

Kwanza tulijaribu kumdokeza mzee Kiswahili Kiswahili, kwa kuzunguka. Nikamwambia, "Bwana Hubert, umetufanyia mengi, sasa si upumzike?" Akacheka, "Sijachoka hata kidogo!" Bwana Kirpal akamwambia hicho kiti kinaumiza mgongo. Akaja na mto. Mwingereza humdokezi, mwanangu, utakesha. Lakini kumwambia mzee usoni, ondoka, hakuna kati yetu aliyelelewa hivyo.

Tukaamua basi, siku ya ofisa Perpetua awahi kukaa kwenye kile kiti kabla ya mzee. Na Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunafanya mazoezi ya mkutano jikoni kwake. Bwana Kirpal alikuwa ndiye ofisa. Alivaa miwani yangu akabana pua.

"Madam, halmashauri inasikitika sana."

Perpetua akasimama. "Kwanza kabisa ningependa kutoa shukrani zangu za dhati..."

Nikagonga meza kwa mwiko. "Hapana! Dakika zenyewe ni chache na wewe unazimalizia kwenye shukrani. Anza upya."

"Wageni waheshimiwa, habari za huko mtokako..."

"Hapana! Anza upya!"

Mwisho akakasirika, akapiga meza yeye. "Watoto wetu wanalala hapa. Ukitaka walale kwao, niondolee mimi shifti ya usiku. Hatuondoki mpaka utuambie ndiyo!"

Bwana Kirpal akavua miwani. "Mimi nakubali. Mimi naogopa." Tukacheka mpaka Wanza akaamka kule ndani, akaja akifikicha macho, akapanda mapajani kwa mama yake akapiga meza kwa kiganja. "Hatuondoki!" akasema. Siku nzima huo ukawa ndio wimbo wake. Nikitaka kumkumbuka Perpetua akiwa na furaha, namkumbuka mchana ule.

Siku ya mkutano ikafika, mvua inanyesha, viti vimejaa. Perpetua amevaa gauni lake la kitenge, amekaa kwenye kiti chenye mikono, mgongo wima. Nilimwona nikajisemea, kumbe ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ofisa amefika, ameketi, anamtazama yeye. Tungeanza tu. Tungeanza dakika ile ile!

Mlango ukafunguliwa akaingia Bwana Hubert, ameloa, anatweta. Akatazama, akaona kiti chake kina mtu, akasimama pale pale ameegemea mkongojo. Bwana Kirpal akaruka kwenda chumba cha watoto kuleta benchi. Nami nikamtazama Perpetua nikamtikisia kichwa, usiinuke. Hakuinuka. Mkono wa kiti aliubana kwa vidole vyote.

Ndipo Mama Keziah akasema, kwa upole, kama anavyosema mama yeyote kwetu, "Perpetua mwanangu, mpishe mzee."

"Mama, benchi linakuja," nikamwambia.

"Mzee amesimama, Dorkasi. Tumekuwa watu gani?" Na akaanza kuinuka yeye, na ile miguu yake iliyovimba, ampe Mzungu kiti chake mwenyewe. Hapo Perpetua hakuweza tena. Hangekaa huku wazee wawili wamesimama, angejiona si mtu. Akanyanyuka. Bwana Hubert akakataa, wallahi alikataa, "Hapana, hapana, kaa tu," na chumba kizima, manesi wote, wakamsihi kwa sauti moja, "Kaa mzee, kaa." Akakaa. Bwana Kirpal alipotokea na benchi, Perpetua alikuwa amesimama kando ya birika.

Ofisa akamgeukia mwenye kiti. Bwana Hubert akaeleza vizuri, kwa Kiingereza safi, kazi yetu ilivyo nzuri, na kwamba kuhusu usiku anaamini akina mama wangeelewa. Perpetua akanyoosha mkono. Akaambiwa mengineyo ni mwishoni. Mwishoni zikabaki dakika chache, na Mama Keziah akasimama kutoa shukrani. Akamshukuru ofisa, akalishukuru jiji, akaishukuru mvua. Ofisa akatazama saa. Perpetua akasema kwa nguvu, birika mkononi, "Na mtoto wangu nikiwa kazini atalala wapi?"

Ofisa akamjibu kwa upole kwamba hilo ni jambo lake binafsi, aende kwa watu wa ustawi wa jamii. Akavaa koti lake.

Tulipata ukumbi. Ulikuwa na joto, na vyoo vidogo vya watoto, na ilipofika jioni ulifungwa. Perpetua aliomba shifti ya mchana akaambiwa angoje zamu yake. Alingoja, Wanza akilala leo kwa huyu kesho kwa yule, mpaka akaanza kusinzia akiwa amesimama, kama alivyoapa. Kisha Wanza akapelekwa kwa mume na mke fulani mji wa pwani, watu wazuri, wenye bustani. Bwana Kirpal alikwenda na msumeno akakata mikono ya kile kiti, akakipiga msasa kikafanana na vingine. Hakuomba ruhusa. Alikuwa analia na vumbi la mbao limemganda kwenye ndevu.

Ilipita miaka ndipo Perpetua akapata nyumba ya halmashauri na kazi ya mchana. Nilimsindikiza kwenda kumchukua binti. Alitoka kazini moja kwa moja, hakutaka kupoteza hata saa, sare iko chini ya koti. Wanza akatoka mlangoni na kisanduku chake, msichana mrefu, nywele zimekatwa fupi. Perpetua akapiga magoti kwenye changarawe, akafungua koti, akamkabidhi mdoli aliomnunulia. Mtoto akaitazama ile sare toka juu mpaka chini, akasema kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kule, kwa adabu kabisa, "Asante, nesi."

Perpetua hakurudi tena kwenye kamati yoyote. Baadaye alirudi Machakos na ndiko alikozikwa. Wanza yuko huku, ni mama mwenye wajukuu, na huwa tunasalimiana dukani. Kiswahili hajui. Mama Keziah, ambaye naye wa kwake wawili walilelewa na Wazungu na mmoja hakumrudia, hakuwahi kuitaja siku ile mpaka anakufa, nami sikumuuliza, maana alisema tu kile alichofunzwa. Na Bwana Hubert alipopata habari za Wanza alikuja kwangu, mzee hajiwezi, akaniuliza, "Dorkasi, kwa nini hamkuniambia niinuke?" Nikampa chai.

Mnataka ujuzi wangu, haya, ndio huo. Kabla ya kusoma katiba ya kikundi, tazama nani ameshika birika. Mkutano uanze saa yake, hata Papa wa Roma awe njiani. Viti viwe vya aina moja. Shukrani zitolewe mlangoni, watu wakivaa makoti. Na mtu mwema aambiwe waziwazi, mapema, kwa maneno mafupi, kwamba kiti hiki kina mwenyewe. Atachukia siku moja tu.

Jumamosi nitakuja, kwa basi, msinitumie gari. Yule binti aliyenipigia simu ndiye anayewaongoza, nimeulizia. Nitakapoingia awe ameketi mbele, na asiinuke. Atatokea mama mmoja mwenye adabu zake, namjua hata kabla sijamwona, atamwambia, "Mwanangu, mpishe bibi." Mwambieni Dorkasi amekataza. Nitasimama mpaka mtu aniletee benchi. Magoti yataniuma, nanyi yaacheni yaume.